Kabla ya kuhesabu jeni, tuwahesabu wagonjwa kwanza

Swali hili limenifikia mara nyingi, hata nimeona si vizuri kuendelea kulijibu mlangoni mwa kliniki nikiwa nimeshika funguo mkononi. Wanaouliza ni watu wa mjini, wasomaji wa magazeti, wengine wakiwa na jamaa Nairobi au ng'ambo. Husema hivi: "Daktari, tunasikia siku hizi saratani ya mapafu inatibiwa kwa tembe, kulingana na jeni za uvimbe. Je, jeni hizo sisi Waafrika tunazo? Ni wangapi kati ya mia?"

Swali ni zuri, nami nitalijibu kwa tarakimu zilizopo. Lakini kwa kuwa haya ni maoni wala si somo la darasani, afadhali msomaji ajue msimamo wangu mapema. Tarakimu yoyote ya jeni utakayosomewa inahesabu wale waliopimwa peke yao. Na hapa kwetu mpakani, Busia na Malaba, mgonjwa wa saratani ya mapafu husimamishwa njiani mara tatu au nne kabla hajafika mahali pa kupimwa. Wengi hawafiki kabisa.

Jeni ni kitu gani

Kila chembe hai ya mwili, yaani seli, imebeba maandishi yanayoieleza jinsi ya kukua, kugawanyika na kufa. Maandishi hayo ndiyo jeni. Moja kati ya jeni hizo huitwa EGFR. Kazi yake ni kutengeneza kitu mfano wa kengele kwenye ukuta wa seli. Mwili ukihitaji seli mpya, kengele hupigwa, seli hugawanyika, kisha kengele hunyamaza. Ikitokea herufi chache za jeni hiyo zimefutika au zimebadilika, kengele hulia usiku na mchana bila kupigwa na mtu, na seli huzaana ovyo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka 2004 makundi mawili ya madaktari wa Boston, Marekani, yaligundua jambo ambalo lilikuwa limewatatiza watu kwa muda. Kulikuwa na tembe iitwayo gefitinib ambayo kwa wagonjwa wengi haikufanya kitu, lakini kwa wachache iliyeyusha uvimbe kana kwamba ni samli juani. Wachache hao walipochunguzwa, uvimbe wao ulikutwa na mabadiliko katika jeni ya EGFR. Dawa ilikuwa ikizima ile kengele. Mwaka 2007 watafiti wa Japani wakiongozwa na Hiroyuki Mano walipata jeni nyingine, ALK, ambayo hukatika na kujiunga na jeni isiyo yake. Nayo sasa ina dawa zake. Ya tatu, KRAS, ilijulikana tangu miaka ya 1980 lakini ilibaki bila dawa hadi mwaka 2021, wakati Marekani ilipoidhinisha sotorasib kwa aina moja ya mabadiliko yake.

Hapa kuna dhana ambayo lazima niiondoe, kwa sababu inawatia watu hofu bure. Sisi wa Magharibi tunaujua ugonjwa wa selimundu. Huo ni wa kurithi: baba na mama wakiwa wameubeba, mtoto anaweza kuzaliwa nao, na kila seli ya mwili wake ina kasoro ile ile. Mabadiliko ya EGFR, ALK na KRAS si hivyo. Isipokuwa kwa nadra sana, hutokea ndani ya pafu la mtu mzima na kubaki ndani ya uvimbe ule ule. Damu ya watoto wake haina habari nayo. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba mama yake ana jeni ya EGFR iliyobadilika asikimbilie kupima watoto.

Tarakimu za ulimwengu

Aina ya saratani ya mapafu tunayoizungumzia zaidi ni ile iitwayo adenokasinoma, inayoanzia katika seli zinazotoa ute. Kati ya wagonjwa 100 wazungu wa Ulaya na Marekani wenye aina hiyo, 10 hadi 15 hukutwa na mabadiliko ya EGFR. KRAS huonekana kwa 25 hadi 30 kati yao, hasa wavutaji sigara. ALK ni karibu 5.

Ukienda Asia mambo hugeuka. Uchunguzi uliopewa jina PIONEER, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014, uliwapima wagonjwa wa China, Hong Kong, Taiwan, Thailand, Ufilipino, Vietnam na India. Kwa jumla, asilimia 51.4 walikuwa na mabadiliko ya EGFR. Lakini tazama ndani ya jumla hiyo: Vietnam ilikuwa asilimia 64.2 na India asilimia 22.2. Anayesema "Waasia wana nusu kwa nusu" amewasahau Wahindi, ambao ni mamia ya mamilioni. Na kila mahali, Asia na kwingineko, mabadiliko haya huonekana zaidi kwa wanawake na kwa watu ambao hawajavuta sigara maishani.

Na mtu mweusi je? Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya Wamarekani weusi 53. Mabadiliko ya EGFR yalikutwa kwa asilimia 2, ilhali kwa wazungu waliolinganishwa nao ilikuwa asilimia 17. Habari ikaenea kwamba watu weusi hawana jeni hiyo, na kwa hiyo kuwapima ni kupoteza pesa. Miaka miwili baadaye, 2011, hospitali kubwa ya saratani ya New York ilipima uvimbe wa Wamarekani weusi 121 ikapata asilimia 19, hata ikawapita wazungu wa hospitali hiyo hiyo, ambao walikuwa asilimia 13.

Kutoka 2 hadi 19 katika miaka miwili! Watu weusi wa Marekani hawakubadilika katika muda huo. Waliobadilika ni wagonjwa waliokuwa mezani. Kati ya watu 53, asilimia 2 ni mtu mmoja tu. Angeongezeka mwingine mmoja siku hiyo, tarakimu ingekuwa mara mbili. Simshutumu mtafiti yeyote kwa uongo, kwa maana alihesabu alicholetewa. Ila nawashutumu wale waliochukua tarakimu ya mgonjwa mmoja wakaifanya sheria ya kumnyima mtu kipimo.

Katika bara letu, Wamorocco wamepima na kupata karibu mmoja kati ya watano. Morocco ni Afrika, nakubali, lakini si Malaba. Hata hapa kwetu, Mteso wa Amukura, Msamia wa Funyula na Mjaluo wa ng'ambo ya mto wana historia tofauti za kuhama na kuoana. Kuwaweka wote kwenye safu moja iliyoandikwa "Waafrika" ni uvivu.

Lakini si tulishapimwa Webuye?

Mhadhiri mmoja aliwahi kunibishia kwamba jeni za watu wa Magharibi zilishasomwa zamani. Ana ukweli. Katika ule mradi wa kimataifa wa kusoma jeni za watu 2,504 wa jamii 26, ambao matokeo yake ya mwisho yalichapishwa mwaka 2015, jamii mojawapo ni Waluhya wa Webuye. Watu 99. Wanasayansi duniani kote huwaita kwa herufi tatu, LWK, na hadi leo kuna vijana katika maabara za Ulaya wanaozitumia herufi hizo kila siku bila kujua kwamba Webuye ni mji ambao matrela yetu hupitia yakitoka Malaba kwenda Eldoret.

Lakini waliotoa damu ile walikuwa watu wazima wenye afya. Damu yao hueleza kile walichozaliwa nacho. Haielezi kile kitakachotokea ndani ya pafu la mmoja wao akiwa na miaka 55. Kwa hilo hakuna njia ya mkato: ni lazima upate uvimbe wenyewe, kutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Na hapo ndipo penye shida yetu.

Kifua kikuu kwanza, saratani baadaye

Mgonjwa huja na kikohozi kisichoisha, amekonda, anatoka jasho usiku, labda ametema damu. Katika mji wa mpakani wenye madereva, makuli, wafanyabiashara na wageni wa kila usiku, kitu cha kwanza ambacho daktari yeyote mwenye akili atakifikiria ni kifua kikuu. Hilo si kosa. Kifua kikuu ni kingi, kinaambukiza, na kinapona. Huchukuliwa kohozi na kupelekwa kwenye mashine ya GeneXpert.

Sasa msomaji aitazame mashine hiyo vizuri, kwa sababu kuna jambo la kushangaza hapo. Tangu Shirika la Afya Duniani lilipoiidhinisha Desemba 2010, mashine hiyo imesambaa katika hospitali zetu. Kazi yake ni kusoma jeni. Kwa muda wa saa mbili hivi huitafuta jeni ya bakteria wa kifua kikuu ndani ya kohozi, na ikiipata huangalia kama ina mabadiliko yanayoifanya dawa ya rifampicin ishindwe. Yaani sisi wa mpakani, tunaoambiwa kwamba habari za jeni ni za Wazungu, tunasoma jeni za bakteria siku zote za wiki. Kohozi hubebwa kwa boda boda kutoka zahanati, matokeo hurudi kwa simu, na mgonjwa halipi. Bakteria aliyemo katika pafu la mkaazi wa Malaba anajulikana jeni yake kuliko uvimbe ulio katika pafu hilo hilo.

Siseme kwamba GeneXpert iliyoko hospitalini leo inaweza kuwekewa nyama ya saratani ikatoa jibu la EGFR. Haiwezi, hiyo ni kazi ya maabara nyingine. Ninachosema ni kwamba njia ya kusafirisha sampuli, kupokea majibu na kumlipia maskini tayari tumeijenga kwa ugonjwa mmoja. Anayesema haiwezekani aangalie nyuma ya pikipiki inayopita mbele yake.

Kikwazo kinaanza pale kohozi linaposema "hakuna TB". Mgonjwa wetu bado anakohoa na eksirei ina kivuli. Mara nyingi huanzishiwa dawa za kifua kikuu hata hivyo, kwa kukisia. Kuna wakati jambo hilo ni halali, kwa kuwa kohozi huweza kukosea, hasa kwa wenye virusi vya UKIMWI. Lakini dawa hizo ni za miezi 6. Uvimbe haungoji miezi 6.

Nitatoa mfano mmoja, nikiwa nimebadilisha mambo kadhaa ili mhusika asitambulikane. Mama wa makamo, mkaanga samaki katika soko la mpakani, hajapata kushika sigara. Katika zahanati moja, ambayo sitaitaja, alipewa dawa za kifua kikuu miezi 6 ingawa kohozi lake lilikuwa safi. Hakupata nafuu. Akaanzishiwa tena. Alipoletwa kwangu na mwanawe, upande mmoja wa kifua ulikuwa umejaa maji na alikuwa akilala ameketi. Tuliyatoa maji hayo, tukayapeleka kupimwa, na baada ya majuma kadhaa jibu likarudi: adenokasinoma. Niliomba apimwe EGFR. Maabara ikajibu kwamba seli zilizobaki hazitoshi, sampuli nyingine inahitajika, na ya kuipata ni Eldoret.

Nikamweleza. Akaniuliza, "Sasa daktari, yale maji ya kwanza mliyatoa ya nini?"

Nikamwambia, "Mama, yametuambia ni ugonjwa gani. Ya pili yatatuambia ni dawa gani."

Mwanawe alianza kuchangisha nauli na pesa za kulala. Mama alifariki kabla ya safari.

Mwanamke, asiyevuta sigara, mwenye adenokasinoma. Angekuwa Hong Kong au Paris, huyo ndiye ambaye angepimwa wa kwanza asubuhi. Je, alikuwa na mabadiliko ya EGFR? Hakuna atakayejua. Na siku ambayo mtaalamu fulani atasimama kwenye mkutano na kusema asilimia fulani ya Wakenya wana jeni hiyo, mama huyu hatakuwemo, wala miongoni mwa walio nayo wala miongoni mwa wasio nayo. Watakaokuwemo ni wale waliofika kwenye hospitali kubwa za miji mikubwa, wenye bima na watoto wenye kazi. Wavutaji sigara wa mjini labda watakuwa wengi kuliko kina mama wa jikoni. Tarakimu itaandikwa "Kenya" lakini itakuwa ya mitaa michache ya Nairobi.

Si sigara peke yake

Jambo jingine linalomchelewesha mgonjwa wa aina hii ni imani kwamba asiyevuta sigara hapati saratani ya mapafu. Sigara ndiyo sababu kubwa kuliko zote, na sitaki mtu yeyote aitumie makala haya kujitetea. Lakini uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanawake wa Kenya wanaotumia tumbaku ya aina yoyote ni asilimia 4.5, wanaume wakiwa asilimia 19.1. Daktari akikutana na mwanamke anayekohoa, saratani haimjii kichwani.

Na sisi tuna moshi mwingine. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyoleta saratani, kundi moja na sigara. Aliyewahi kusimama Malaba wakati foleni ya matrela imenyooka hahitaji kuelezwa moshi huo unanukaje. Moshi wa kuni wa jikoni nao wameuweka katika kundi linalofuata, la vitu vinavyoshukiwa sana. Wanaokaanga samaki, wanaopika chang'aa, waliokausha tumbaku kwa kuni huko Teso na Malakisi, wote wamevuta moshi miaka mingi bila kuwasha sigara hata moja. Je, uvimbe wao una jeni zipi? Hilo si swali la udadisi tu, kwa sababu kati ya wasiovuta sigara ndiko dawa za tembe hupata kazi zaidi.

Tembe bila kipimo

Wengine wameona ukawiaji huu na kuamua kuruka ua. Kijana mmoja alinijia na picha katika simu yake: gefitinib ya kutoka India, bei nafuu, muuzaji yuko tayari kuituma. Baba yake alikuwa na saratani ya mapafu, hakuwa amepimwa jeni. "Niandikie tu, daktari, tujaribu."

Nilikataa, na sababu ni hii. Mwaka 2009 Profesa Tony Mok wa Hong Kong na wenzake walichapisha uchunguzi uitwao IPASS, uliolinganisha tembe hiyo na dawa za kawaida za mishipani. Waliokuwa na mabadiliko ya EGFR walifaidika na tembe. Lakini wale ambao hawakuwa nayo, tembe iliuzuia ugonjwa wao kwa takriban mwezi mmoja na nusu tu, wakati dawa za mishipani ziliuzuia kwa miezi mitano na nusu. Kwa hiyo kubahatisha si bure. Kwa mtu asiye na jeni hiyo, tembe ni miezi minne aliyoibiwa. Na kwa mvutaji sigara wa miaka 40, kama alivyokuwa mzee yule, bahati ya kuwa nayo ni ndogo.

Upande wa pili, kwa aliye nayo, tofauti si ndogo. Kwa tembe ya kizazi kipya, osimertinib, nusu ya wagonjwa ambao ugonjwa ulikuwa umeshasambaa waliishi zaidi ya miezi 38 katika uchunguzi mkubwa uliotangaza matokeo yake ya mwisho mwaka 2019. Haiponyi, nisimdanganye mtu. Lakini miaka mitatu ni muda wa mtoto kumaliza sekondari mzazi akiwa hai. Osimertinib ni ghali mno. Zile za zamani, erlotinib na gefitinib, zina nakala za bei nafuu, na tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani limeziweka katika orodha yake ya dawa za lazima.

Kilichokuwa kikisafiri mwaka 1964

Nikizungumza hivi kuna wenzangu wanaocheka. Wanasema, "Mtu wa Busia anatafuta nauli ya kwenda kupigwa picha ya CT, wewe unamzungumzia jeni." Nawajibu kwa historia ya hapa hapa jirani.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa mataya ya watoto ambao madaktari wa eneo lote la Ziwa walikuwa wakiuona, upande wa Uganda na upande wetu. Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona ndani ya seli zake kirusi ambacho leo kina majina ya wawili kati yao. Baadaye uvimbe huo huo uliwafundisha wanasayansi jinsi kipande cha kromosomu ya 8 kinavyohamia ya 14 na kuiamsha jeni ya saratani. Sehemu kubwa ya kile ambacho ulimwengu unakijua kuhusu jeni na saratani ilianzia katika taya la mtoto wa eneo letu.

Ikiwa mwaka 1964 nyama ilitoka Kampala ikafika London ikiwa na seli hai, mwaka huu haiwezi kutoka Busia ikafika Eldoret kwa barabara ya lami?

Eldoret si mahali pa kubuni. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, pamoja na mpango wa AMPATH, wamekuwa wakishughulikia saratani ya mapafu ya watu wa Magharibi. Kinachokosekana ni kamba ya kutuunganisha nao, na sehemu kubwa ya kamba hiyo ni vitu vya bei ya chini. Chupa zenye fomalini iliyochanganywa sawasawa, kwa kuwa nyama iliyolala siku nyingi kwenye fomalini mbaya huharibika jeni zake hata kama mtaalamu wa patholojia anaweza kuisoma kwa darubini. Sindano za kutolea nyama ya kutosha mara ya kwanza, ili mama asiambiwe arudi. Fomu yenye maneno matatu zaidi: je, amewahi kuvuta sigara? Na kanuni moja kwa kliniki zote za kifua: mtu asiye na bakteria katika kohozi, aliyekunywa dawa za kifua kikuu miezi miwili bila nafuu, asiongezewe mwezi wa tatu kabla ya kutazamwa upya kwa picha na, panapohitajika, kutolewa kipande cha nyama.

Juu ya gharama, naona serikali ya kaunti na SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, wangefanya hesabu rahisi. Kipimo cha EGFR hufanywa mara moja. Dawa za mishipani kwa mtu ambaye angefaa tembe, safari za kwenda na kurudi, miezi 12 ya dawa za kifua kikuu ambazo hazikuhitajika, hizo hulipwa na mtu fulani pia, na mara nyingi ni familia iliyouza ng'ombe.

Msomaji ambaye ana mgonjwa nyumbani asingoje kanuni hizo ziandikwe. Aulize maswali haya kwa adabu lakini bila aibu: Je, kohozi lilipatikana na bakteria? Kama halikupatikana, tutatazama upya lini? Ikiwa ni saratani, ni ya aina gani? Ikiwa ni adenokasinoma, nyama imebaki ya kupima EGFR? Daktari hatakasirika. Akikasirika, muulize mwingine.

Na kwa wale ambao wagonjwa wao wameshapimwa: kipande cha nyama kilichosomwa na mtaalamu wa patholojia hakitupwi. Huhifadhiwa ndani ya nta, katika kijisanduku cha plastiki chenye nambari, na hudumu miaka. Kinaweza kupimwa jeni bila kumrudisha mgonjwa mezani, nawe una haki ya kukiombea. Katika rafu za maabara za Eldoret, Kisumu na Nairobi viko vijisanduku vya watu waliotoka Busia, Malaba, Bumala na Funyula. Chuo au kaunti ikitaka kujua ni wangapi wetu wenye jeni iliyobadilika, inaweza kuanza na hivyo wiki ijayo.